NGOMA YA JIRANI YETU

Somo juu ya muziki wa ibada na haki ya dini

Siku ya Dominika, katika parokia nyingi za nchi hii ya Tabora, ngoma hulia wakati wa Utukufu na wakati wa matoleo, wala hakuna mwamini anayeshangaa. Lakini jioni ngoma nyingine ikisikika kutoka upande wa pili wa kijiji, mahali wanapotambika watu wasiobatizwa, wapo miongoni mwetu ambao mara moja hutema mate na kusema kwamba shetani anaitwa. Ngozi ni ile ile ya ng'ombe, mti ni ule ule wa porini, na pengine fundi aliyeichonga ni mmoja. Yafaa basi tujiulize: ni kitu gani tunachokihukumu? Je, ni chombo, ni tendo, au ni mtu?

Swali hili si la mchezo. Watu wamepigwa, wamenyang'anywa mali zao za ibada, wamefukuzwa makwao, hapa Afrika na ng'ambo ya bahari, kwa sababu ya kupiga ngoma mbele ya Mungu kwa namna isiyowapendeza wengine. Wasomaji wetu wapenzi, tulichunguze jambo hili kwa utaratibu.

NENO MOJA, MAMBO MENGI

Katika Kiswahili neno ngoma lina maana zaidi ya moja. Ni chombo kinachopigwa. Ni mchezo unaochezwa. Na pia ni mkutano wenyewe wa watu waliokuja kucheza. Hapa Unyamwezi ngoma ilikuwa na kazi nyingi kuliko hizo. Ngoma za kitemi ziliwekwa ikulu, na neno hilo ikulu limeingia katika Kiswahili cha taifa zima kutoka huku kwetu bara. Mtemi asiye na ngoma alikuwa kama hakimu asiye na baraza. Palikuwa na ngoma ya kuwatia watu nguvu shambani, ngoma ya arusi, ngoma ya msiba, na ngoma ya Wayeye washika nyoka, wenye ujuzi wa kutibu aliyeumwa na nyoka.

Palikuwa pia na ngoma ya Waswezi. Hiki ni chama cha ibada kilichoenea Unyamwezi, Usumbwa na Usukuma, ambacho wanachama wake huingizwa kwa mafundisho na kwa siri, na ambacho jina lake lahusiana na Wachwezi wa nchi za maziwa makuu. Kwao ngoma si burudani. Ndiyo sauti inayowaita waliotangulia, na mgonjwa huletwa penye ngoma ili apone. Mwaka 1955 Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alitoa makala juu ya Buswezi, na hivyo jambo lililoitwa upuuzi kwa miaka mingi likaanza kuchunguzwa kwa makini na wenye elimu.

Ngoma ilitembea vilevile katika njia ya misafara. Njia ile ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na hapa Tabora ikagawanyika: mkono mmoja ukaenda Ujiji, mwingine ukaenda kaskazini kwa Karagwe na Buganda. Mwingereza Richard Burton, aliyefika hapa mwaka 1857, aliandika kuhusu ngoma ndogo iliyopigwa nyuma ya kirangozi wakati msafara ulipoanza safari. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na nguo kwa nyimbo, na mguu ulifuata mdundo.

Lakini njia ile ile ilileta neno lingine, nalo ni neno mshenzi. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, kwa kuwa hawakuwa na kitabu wala kanzu. Neno hilo lilikuwa mzigo mzito kuliko pembe, kwa sababu anayeitwa mshenzi huambiwa kwamba hana dini. Na asiye na dini, ngoma yake haiwezi kuwa ya ibada. Itaitwa kelele, au uchawi. Dharau hii ilitangulia sheria zote na makatazo yote.

KATAZO LILITOKA WAPI

Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, ulipita katika njia hiyo hiyo ukifika Tabora. Katika miaka ya 1880 walikuwa na kituo Kipalapala, wakilea watoto waliokombolewa utumwani. Kazi yao tunaikumbuka kwa shukrani. Walijifunza lugha zetu, wakaziandikia kamusi, wakazikwa katika ardhi yetu. Hata hivyo, haki yataka tuseme pia kwamba katika misheni nyingi, za Kikatoliki na za Kiprotestanti, mtu aliyetaka kubatizwa aliagizwa aache ngoma. Katika Afrika Mashariki ngoma iliweza kukaa nje ya kanisa na kuwaita watu waje kusali; ila kuingia ndani haikuruhusiwa. Iliwaita wageni karamuni, yenyewe ikabaki mlangoni.

Sababu zilizotolewa zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kwamba ngoma ilipigwa katika matambiko, na mkristo mpya angeweza kuvutwa arudi nyuma. Ya pili ilikuwa kwamba ngoma za usiku zilifuatana na pombe na uasherati. Ya tatu ilikuwa sheria ya Kanisa. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius X alitoa hati juu ya muziki mtakatifu, akakataza kanisani vyombo vya makelele na vya upuuzi, na ngoma ikatajwa humo.

Hapa yatupasa tusome kwa uangalifu. Hati ile haikuandikwa kwa ajili ya Unyamwezi. Papa alikuwa akiwakemea watu wa Ulaya, hasa Italia, walioingiza kanisani muziki wa michezo ya jukwaani, hata Misa ikafanana na onyesho. Ndiyo maana katika katazo lile lile aliitaja pia piano, na katika hati hiyo hiyo wanawake hawakuruhusiwa kuimba katika kwaya ya kanisa. Leo tukiingia katika kanisa lolote la Tabora tutakuta kwaya ambayo pengine nusu yake au zaidi ni akina mama na wasichana, wala hakuna anayefikiri kwamba Misa imetiwa unajisi. Amri ile ilikuwa dawa ya ugonjwa fulani, mahali fulani, wakati fulani. Ilipovukishwa bahari ikamkuta mtu asiyeugua ugonjwa ule.

Na zile sababu mbili za kwanza? Hatuwezi kuzitupa. Ni kweli kwamba mtu hawezi kumwabudu Mungu mmoja kwa moyo uliogawanyika, na ni kweli kwamba ngoma nyingine za usiku zimevunja nyumba za watu. Lakini tuangalie jinsi hukumu ilivyokatwa. Divai hulewesha watu vilabuni, nayo ipo altareni. Kinanda kimechezewa dansi katika kumbi za Ulaya, nacho kimewekwa kanisani. Kwa vitu hivyo viwili watu walitenganisha chombo na matumizi yake mabaya. Kwa ngoma hawakutenganisha. Chombo cha mwenye nguvu kilihukumiwa kwa matumizi yake mema, na chombo cha mnyonge kikahukumiwa kwa matumizi yake mabaya. Huo ndio ubaguzi, hata kama aliyeufanya alikuwa na nia njema.

Matokeo yake twayajua. Katazo halikuua ngoma, liliificha. Wakristo wengi wakawa na vyumba viwili moyoni: asubuhi chumba cha Misa, usiku chumba cha tambiko, na mlango kati yake umefungwa kwa hofu. Katekista hakuweza kuuliza, mwamini hakuweza kueleza. Jambo linalofichwa haliwezi kufundishwa wala kusahihishwa.

MLANGO ULIPOFUNGULIWA

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Mnamo Desemba 1955 Papa Pius XII aliandika barua juu ya muziki mtakatifu, akawahimiza wamisionari wautumie upendo mkubwa wa watu kwa nyimbo, ili zipatikane nyimbo takatifu kwa lugha na sauti zilizozoeleka nchini. Mwaka 1958 huko Kamina, katika Katanga, Padre Guido Haazen pamoja na waimbaji wa Kikongo walitoa Missa Luba, yenye maneno ya Kilatini na sauti na ngoma za Kongo, na mwaka ule ule waimbaji hao wakasikilizwa Ulaya.

Hapa kwetu, Padre David Clement wa Kanada, Padre Mweupe, alifanya kazi Bujora karibu na Mwanza kati ya ndugu zetu Wasukuma. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa umbo na mapambo ya kitemi. Vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vikapata kuonekana katika shangwe ya Bulabo, inayofuatana na sikukuu ya Ekaristi. Na ngoma za kitemi zikapata nyumba ya kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho. Hilo lilikuwa jambo la maana, kwa kuwa mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa kwa sheria, na ngoma nyingi za ikulu zikabaki bila mwenyewe.

Upande wa serikali, mnamo Desemba 1962 Rais Julius Nyerere alihutubia Bunge akasikitika kwamba wasomi wa nchi walifundishwa dansi za Kizungu huku wakiona haya ngoma za mababu zao, naye akaunda wizara ya utamaduni. Huyu si mgeni kwetu. Alisoma Tabora, na baadaye akafundisha hapa hapa katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Maria. Alikuwa mwamini aliyeheshimu Misa, na hakuona kwamba kuheshimu Misa kwamlazimu kudharau ngoma.

Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga wa upande wa Peramiho alitoa kitabu kilichopima sheria za Kanisa juu ya muziki mtakatifu pamoja na muziki wa Kibantu. Alifanya kazi ya mwanasheria na ya mwanamuziki pamoja: alichukua sheria zilizotumika kuifunga ngoma, akachunguza kama kweli zaifunga. Na tarehe 4 Desemba ya mwaka ule ule Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa Konstitusio juu ya Liturujia. Humo Mababa wa Mtaguso waliagiza kwamba muziki wa jadi wa mataifa, hasa katika nchi za misioni, upewe heshima na nafasi yake katika ibada, na kwamba vyombo vingine zaidi ya kinanda vikubaliwe kwa idhini ya wenye mamlaka, iwapo vyafaa au vyaweza kufanywa vifae. Mwezi Oktoba 1964, Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu, utenzi wa Kiganda wa Joseph Kyagambiddwa uliimbwa Roma, na ngoma za Afrika zikasikika huko. Chombo kilichoachwa mlangoni kikawa kimeingia sebuleni.

NG'AMBO YA BAHARI

Tukitaka kujua ni balaa gani huzaliwa dharau ya ngoma ikishika rungu, tutazame nchi ya Brazili. Waafrika karibu milioni 5 walipelekwa huko utumwani kabla utumwa haujafutwa tarehe 13 Mei 1888. Wengi walitoka Kongo na Angola, wengine Afrika Magharibi, na wengine Msumbiji. Watu waliopitishwa katika njia yetu ya Tabora walipelekwa zaidi Unguja na Pemba, lakini jamaa zao wa Kibantu waliofika Brazili walichukua neno tunalolijua. Hadi leo, katika ibada ya Kandomble ya upande wa Angola, chombo kile huitwa ngoma.

Mwaka 1890 sheria mpya ya jinai ya Brazili iliziweka ibada na matibabu yao miongoni mwa makosa. Polisi waliingia katika nyumba za ibada, wakachukua ngoma na vyombo vitakatifu. Mjini Rio de Janeiro vitu zaidi ya 500 vilikaa mikononi mwa polisi miaka mingi kama vielelezo vya uhalifu, na ni mwaka 2020 tu vilipohamishiwa katika jumba la makumbusho kwa heshima. Katika mji wa Maceió, usiku wa tarehe 1 Februari 1912, kundi la watu wenye silaha lilivunja nyumba za ibada, likachoma vitu, likawapiga waabudu. Waliosalia waliogopa kupiga ngoma. Kwa miaka mingi walisali kwa kunong'ona na kupiga makofi polepole, ndipo ibada yao ikapata jina la sala ya sauti ya chini. Mwaka 2012, miaka 100 baadaye, serikali ya jimbo la Alagoas iliomba msamaha.

Mfano wa mwisho watugusa sisi wa magazeti. Mwaka 1999 gazeti la dhehebu moja la Kikristo lilichapa picha ya mama mmoja kiongozi wa ibada hizo katika mji wa Salvador, aliyejulikana kwa jina la Mãe Gilda, likaiweka pamoja na maneno ya kuwaita watu wa dini yake matapeli. Nyumba yake ya ibada ikashambuliwa, afya yake ikavunjika, akafa tarehe 21 Januari 2000. Mahakama ziliamua kwamba familia yake ilipwe fidia, na kwa sheria ya mwaka 2007 siku ile ya Januari 21 imekuwa siku ya taifa ya kupinga chuki za dini. Hakuna aliyemshika mama yule kwa amri ya gazeti. Lakini neno lililochapwa lilitangulia, na mikono ikafuata.

LILILOBAKI

Sasa turudi Tabora. Mtu aweza kusema: hayo yamekwisha, ngoma imo kanisani. Ndiyo, imo, lakini hapo ndipo palipo mtego. Kuichukua ngoma ya jirani kwa ajili ya Misa yetu, na papo hapo kumdharau jirani aliyeitunza ngoma hiyo kwa vizazi, si haki. Mambo haya ni mawili. La kwanza, Kanisa limeirudishia ngoma heshima yake. La pili, sisi waamini bado hatujampa heshima yake kila mpiga ngoma. Waswahili husema: Mgala muue na haki yake mpe. Nasi hatuna hata vita na jirani yetu.

Jambo hili lina hatari yake kwetu. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo ingali katika vitabu vya sheria vya nchi, yataja vyombo vya uchawi kwa maneno mapana sana, hata mwenye chuki aweza kukitazama chombo chochote cha tambiko na kukiita hivyo. Na katika mikoa yetu ya magharibi vikongwe wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mwenye kutambika, mganga na mchawi wakitiwa katika kapu moja na kupewa jina moja la shetani, yule kijana mwenye panga hatatafuta tofauti. Anayehubiri au kuandika kwa pupa atakuwa amemnolea.

Mafundisho ya Kanisa hayatuachi gizani. Mwaka 1965 Mtaguso ulitamka kwamba mtu asilazimishwe wala asizuiwe katika mambo ya dini, mradi utaratibu wa haki wa jamii unalindwa. Na kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Mwezi Februari 1993 Papa Yohane Paulo II alikutana kwa heshima huko Benin na viongozi wa dini ya Vodun, ambayo ni shina mojawapo la zile ibada za Brazili. Mwaka 1995, katika waraka wake juu ya Kanisa katika Afrika, aliagiza kwamba wafuasi wa dini za jadi wastahiwe, maneno ya uongo na ya dharau juu yao yaepukwe, na dini hizo zifundishwe katika nyumba za malezi ya mapadre. Katiba ya nchi yetu nayo, katika ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa imani.

Basi twapendekeza mambo manne. Kwanza, tuhukumu tendo, tusihukumu ngozi na mti. Palipo na mauaji, ulaghai au kumdhuru mtoto, hapo pana kosa, na sheria ipo, ngoma iwepo isiwepo. Pili, mkristo asione lazima kushiriki katika ibada isiyo yake, wala asione lazima kuitukana. Kusema "mimi sishiriki" ni ungamo la imani. Kusema "ninyi ni mashetani" ni dhambi dhidi ya upendo. Tatu, asiwepo wa kuchoma, kuvunja wala kunyang'anya chombo cha ibada cha mtu. Mwongofu akiiacha ngoma yake kwa hiari, iulizwe historia yake na kuhifadhiwa. Nne, walimu wa kwaya wawaendee wazee wakajifunze mapigo na nyimbo kwa adabu, wakitaja walikozipata, maana mcheza kwao hutunzwa, na asiyemtunza mwalimu wake ni mwizi.

Wapo watakaouliza kama heshima hii haitalegeza imani. Hatuoni hivyo. Imani iliyolegea ndiyo inayoogopa mdundo wa jirani; imani iliyosimama husikia, hupima, na kujibu kwa upole. Na Zaburi ya mwisho, inayotualika tumsifu Mungu kwa baragumu, kinubi, matari na matoazi, haikuuliza kwanza vyombo hivyo vilichongwa na watu wa kabila gani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji chetu, ni ngoma zipi zilizokatazwa zamani, na wazee wanakumbuka sababu gani iliyotolewa?

2. Ni maneno gani tunayoyatumia kwa watu wanaofuata dini ya jadi? Yapi kati yake hatungependa tuitwe sisi?

3. Kijana wa parokia akivunja ngoma ya Waswezi kwa jina la Kristo, wazee wa Kanisa wafanye nini: kwa kijana, na kwa mwenye ngoma?